Maneno kwanza, picha baadaye

Sura ya kwanza ya katuni yangu ilikuwa na fremu 22, yaani visanduku vya picha, na ilinichukua miezi miwili. Nilipoimaliza nikampa mdogo wangu simu asome. Akakunja uso, akaikuza fremu kwa vidole viwili mpaka ikajaa skrini, akasoma, akaiachia, akashuka kidogo, akaikuza nyingine. Alipofika fremu ya tano akanirudishia simu yangu. "Unachora vizuri," akasema, akaondoka. Hata hakuuliza hadithi iliishaje.

Wahusika wenyewe si wangu. Wametoka katika hadithi niliyoipenda tangu utotoni, ila sikuwachukua mashujaa. Nilichukua mlinzi wa lango na mpishi, watu wawili ambao mwenye hadithi aliwapa mistari isiyozidi kumi, kwa kuwa kila mara nilijiuliza walikuwa wakifanya nini usiku ule wenzao walipokwenda vitani. Sitozi mtu hata senti, na juu kabisa ya kila sura naandika kwamba wahusika wana mwenyewe. Najua maneno hayo hayanipi haki yoyote. Mwenye kazi akisema niiondoe, nitaiondoa. Ila watu wakiniambia huku ni kuiga tu, huwa nawakumbusha Comiket, soko la katuni zinazochorwa na mashabiki lililoanzia Tokyo Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 vya wachoraji. Wengi wanaochora hapo huchora wahusika wa watu wengine, na hakuna anayewaona wavivu.

Turudi kwenye simu. Kosa langu lilikuwa kuchora kama ninayechapisha kitabu: ukurasa mzima wa A4, safu tatu za fremu, viputo vya maneno vimebanwa pembeni palipobaki nafasi. Kwenye kompyuta ulipendeza. Kwenye simu ukurasa wote ule ulilazimika kuingia katika upana wa sentimita sita au saba, na herufi zikawa kama sisimizi.

Nikaanza upya. Sasa nachora utepe mmoja mrefu unaosomwa kwa kushuka, fremu moja chini ya nyingine, mara chache mbili kwa safu. Upana wa mwisho ni pikseli 800, lakini nachora kwa 1,600 kisha napunguza nusu, maana mstari uliopunguzwa huficha mtetemo wa mkono. Natumia Krita, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure na ina kifaa cha kutuliza mstari; bila hicho duara langu lina pembe. Herufi nazipa ukubwa wa pikseli 56 kwenye mchoro, yaani 28 msomaji akizipata. Chini ya hapo mdogo wangu anaanza tena kukuza kwa vidole.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu ni mpangilio. Zamani nilichora, nikatia rangi, kisha nikatafuta pa kuweka maneno. Kwenye programu mchoro hupangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na siku hizi tabaka la kwanza kabisa ni la maneno. Naandika mazungumzo ya fremu, nayapanga yawe mapana katikati na membamba juu na chini, nayazungushia kiputo nikiacha pengo la herufi moja hivi kila upande, ndipo namchora mtu katika nafasi iliyobaki. Ukichora kiputo kwanza utajikuta unayasokota maneno yaingie, na kiputo kilichobanwa humfanya mhusika aonekane kama anaongea akiwa ndani ya gunia.

Kiswahili kina ugumu wake hapa, na sikuwahi kuona mtu akiueleza. Maneno yetu ni marefu. Mlinzi wangu alikuwa na mstari huu: "Ungalinitahadharisha ningalikusubiri." Maneno mawili tu, na kiputo kimeshajaa mpaka masikioni mwake. Unaweza kukata neno, na bahati nzuri silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo mahali pa kukata si pa kubahatisha: ningali-kusubiri. Usitenganishe tu ng' wala ny wala sh. Hata hivyo, kiputo chenye vistari vitatu vya kukatia ni aibu, kwa hiyo siku hizi naandika mstari upya. Mlinzi sasa anasema, "Ungeniambia. Ningengoja." Na kusema kweli, ndivyo mlinzi aliyechoka anavyoongea.

Jambo la pili ni herufi a. Nilianza na Comic Sans, fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) aliyoibuni Vincent Connare mwaka 1994 alipokuwa Microsoft, na sikujali kuchekwa. Nilichojali ni kwamba katika ANATAKA au HARAKAHARAKA, a zote zilifanana kama zimepigwa muhuri, na jicho linagundua mara moja kwamba hapo hakuna mkono. Fonti nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya katuni zina dawa: ukibonyeza herufi ndogo unapata herufi kubwa vilevile, ila yenye umbo tofauti kidogo. Basi naandika aNAtAKa kwa makusudi, na neno linatoka kama nimeliandika kwa kalamu. Baadhi ni za bure kwa wasiouza kazi zao. Soma leseni kwanza. Ukiandika NG'OMBE, angalia kile kidoti cha juu kisiache pengo kama jino lililong'oka. Mimi hukisogeza kwa mkono.

Sehemu ninayoifurahia kuliko zote ni sauti. Sura ya kwanza nilijaza BAM na CRASH, kwa kuwa ndizo nilizoziona kwenye katuni za wageni tangu utotoni. Kisha nikafika kwenye fremu ambayo mpishi anateleza na kuanguka, nikakaa na kalamu hewani. Anaangukia wapi? Kwa sababu sisi tuna neno la kila mahali: mchangani ni tifu, majini ni chubwi, topeni ni tapwi, na mzigo mzito sakafuni ni pu. Nikaandika TAPWI kwa herufi nene zinazochuruzika, na sikuhitaji hata kuchora tope. Tawi likivunjika ni kacha. Sauti hizi sizitoi kwenye fonti. Nazichora kwa mkono kama sehemu ya picha, zikiinama kuelekea kule mtu anakoangukia.

Mengine ni madogo. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni lakini uishie njiani, usimguse mtu. Anayeanza kusema kiputo chake kiwe juu zaidi, maana kwenye utepe jicho linafuata kimo kabla ya kushoto na kulia. Hifadhi picha kwa muundo wa PNG, kwa sababu JPEG iliyobanwa sana huacha ukungu kuzunguka herufi nyeusi. Na unapoukata utepe vipande ili uupakie, kata penye nafasi tupu kati ya fremu, kamwe usipite katikati ya uso.

Hizo nafasi tupu nilizichukulia kama hasara mwanzoni. Sasa nazitumia kama saa. Pengo dogo, mazungumzo yanaendelea; pengo la skrini nzima, usiku umepita. Katika sura ya tano mpishi anamuuliza mlinzi kama wale waliokwenda vitani watarudi. Nilikuwa nimemwandikia mlinzi jibu la mistari minne, zuri tu. Nililifuta, nikaacha weusi wa pikseli 1,500, na chini yake lango limefunguliwa. Mdogo wangu alishusha, akasimama hapo, akapandisha tena juu kuangalia kama kuna kiputo alichokiruka.