Hakuna Aliyenilaza Tu?

Ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wetu ilifana, magari yote yalirudi salama kutoka Nyeri, na picha nitaziweka nikipata nafasi. Lakini tangu Jumapili jioni ninachokisikia ni sauti ya Shangazi, ameketi ukingoni mwa kitanda cha wageni, miguu inaning'inia, macho makavu yamenikazia, nimemaliza tu kumtibu kizunguzungu chake.

"Kwani ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Shangazi."

"Na wote hao waliosoma, hakuna aliyenilaza tu?"

Mnamjua Shangazi, hapendi kulalamika. Tangu mvua ya Novemba amekuwa akilala ameegemea mito mitatu, karibu kuketi, kwa sababu akilala chali chumba kinazunguka. Ameacha kupanda matatu peke yake. Ameacha kuanika nguo, kwa sababu kuinua uso kutazama kamba kunamwangusha. Amepimwa presha, sukari, malaria, damu, shingo ikapigwa picha, kisha dozi ya presha ikapandishwa na akaongezewa vidonge vya kizunguzungu vya kumeza kutwa mara tatu. Vipimo vyote hivyo, isipokuwa ile picha, alifanyiwa akiwa kwenye kiti. Na kizunguzungu cha aina yake hakipatikani kwenye kiti.

Maswali yaliyokifichua hayakuwa mengi. Nilimuuliza kinamwanza akifanya nini.

"Nikigeuka kitandani. Mara ya kwanza ilikuwa saluni, wameniosha nywele, kichwa kimelazwa nyuma kwenye sinki."

"Kinakaa muda gani?"

"Siku nzima, mwanangu."

"Kile cha chumba kuzunguka chenyewe?"

Akafikiri. "Hicho hata dakika hakimalizi. Hofu yake ndiyo siku nzima."

Hapo ndipo wengi wetu tunaotibu watu tunapopotea. Mgonjwa anasema siku nzima, tunaandika siku nzima. Ukitenganisha mzunguko na ule ulegevu unaobaki baadaye, picha inabadilika. Mzunguko wa chini ya dakika moja unaoletwa na kulala, kugeuka kitandani, kuinama kufunga kiatu au kutazama juu ni wa chembechembe za sikio, mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiwa wa dakika 20 hadi saa kadhaa, na sikio linavuma na kupoteza usikivu, fikiria ugonjwa wa Ménière. Ukiwa wa siku kadhaa mfululizo na kutapika, huenda ni kuvimba kwa neva ya mizani, ile inayoupelekea ubongo habari za usawa wa mwili. Kipandauso nacho huleta kizunguzungu cha dakika chache hadi siku tatu, hata kichwa kisipouma sana. Na anayeona giza akisimama tu, lakini hapati shida akigeuka kitandani, huyo mlaze dakika tano, mpime presha, msimamishe, mpime tena baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, jibu liko kwenye mishipa au kwenye dawa anazomeza.

Sikio la ndani lina kifuko chenye chembe ndogo sana za kalsiamu kaboneti, zimenaswa kwenye utandotando unaohisi uzito na mwendo wa mbele na nyuma. Zikibanduka, kwa uzee, kwa kugongwa kichwa, au bila sababu inayojulikana, zinaweza kuingia kwenye mmoja wa mifereji mitatu ya nusu duara, mara nyingi ule wa nyuma, kwa kuwa ndio ulio chini zaidi mtu akisimama au akilala. Mfereji huo kazi yake ni kuhisi mzunguko, si uzito. Kichwa kikibadili mkao, chembe zinateremka, majimaji yanavutwa nazo, na ubongo unapokea habari kwamba mwili unazunguka. Macho yanafuata habari hiyo ya uongo. Chembe zikitua, kunatulia. Ndiyo maana hakimalizi dakika.

Daktari Robert Bárány alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1921. Madaktari Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza kipimo chake London mwaka 1952. Mwaka 1952! Kipimo hakihitaji umeme, wala maabara, wala foleni ya picha. Kinahitaji kitanda na mtu wa kutazama macho. Hilo ndilo alilokuwa akiniuliza Shangazi, na kila nikilirudia linachoma upya. *Hakuna aliyenilaza tu?*

Nilifanya hivi. Kwanza nilihakikisha shingo yake inageuka bila maumivu na mgongo unaruhusu. Aliketi kitandani miguu imenyooka, mto umewekwa pale ambapo mabega yatatua, si kichwa. Kosa la kwanza la watu wengi ni hilo la mto: ukiwa chini ya kichwa, kichwa hakining'inii na chembe hazisogei. Nikageuza kichwa chake nyuzi 45 kulia, nikamwambia asifumbe macho hata akiogopa, nikamlaza chali haraka, kichwa kikashuka nyuma nyuzi kama 20. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu akanishika mkono kwa nguvu, na macho yakaanza: yanarukia juu, huku yakijizungusha kuelekea sikio lililo chini. Yakatulia kabla ya dakika kuisha. Kushoto hakukuwa na kitu. Basi ni sikio la kulia, mfereji wa nyuma, kile kinachoandikwa kwenye faili BPPV, yaani kizunguzungu cha ghafla kisicho hatari kinacholetwa na mkao wa kichwa.

Kutoka hapo ni njia ya daktari John Epley wa Portland, Marekani, aliyoichapisha mwaka 1992. Kichwa kikiwa bado kimening'inia kulia, unasubiri mpaka macho yatulie, kisha unaongeza sekunde 30. Unakigeuza nyuzi 90 kwenda kushoto bila kukiinua. Unasubiri tena. Halafu mgonjwa anajilaza kwa ubavu wa kushoto huku kichwa kikiendelea nyuzi 90 nyingine, mpaka pua inaelekea sakafuni. Unasubiri. Mwishowe anainuka kwa upande huohuo wa kushoto, kidevu kimeshuka kifuani. Sikio likiwa la kushoto, geuza kila kitu.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni haraka. Mgonjwa akizungukiwa kwenye mkao wa kwanza, anayemtibu anaogopa, anamwinua, na chembe zinarudi zilikotoka. Au anainua kichwa kidogo kati ya mkao wa kwanza na wa pili, basi imepotea. Au anafanya upande usio wenyewe. Kutapika kunaweza kuja, weka beseni karibu. Na akiketi usimwache asimame mara moja, kwa sababu wengine husikia wakisukumwa kwa nguvu mbele au nyuma dakika hiyohiyo. Shangazi nilimshika mabega, nikangoja, kisha nikarudia yote. Mara ya pili macho hayakusogea.

Hapo ndipo aliponiuliza.

Nilidhani atacheka. Wengi hucheka, au hulia kwa furaha. Yeye alinyamaza, akapanga mikono mapajani, akauliza lile swali tena kwa sauti ndogo zaidi, si kwangu sasa. Halafu akajilaza, polepole, chali, bila mto. Akatazama dari. Akasema, "Taa yenu ina vumbi." Akalala usingizi mpaka ugali ukapoa.

Leo naandika kwa moyo mwepesi kidogo. Shangazi alinipigia simu kutoka kwake, mtaa wa Umoja, Nairobi: ameanika mashuka. Ninataka mjue hili linawezekana. Wagonjwa wa aina hii, karibu wanane kati ya kumi, hupata nafuu kwa kurudia zoezi mara moja hadi tatu. Hakuna haja ya kulala wameketi siku kadhaa baadaye wala kuvaa kola ya shingo. Ushauri huo wa zamani haukuonekana kuongeza faida ya maana.

Ila msikimbilie kugeuza kila mwenye kisunzi. Kizunguzungu chenye ulimi mzito, kuona viwili, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida, au kushindwa kabisa kusimama na kutembea, si cha kitandani nyumbani. Hicho huenda ni kiharusi sehemu ya nyuma ya ubongo, na kila dakika ina thamani. Mpelekeni hospitali yenye huduma ya dharura, si kemisti. Sikio likipoteza usikivu ghafla pia ni dharura. Na kama macho kwenye kipimo yanarukia kando, kushoto na kulia, badala ya juu, huenda chembe ziko kwenye mfereji wa ubavu: Epley haitasaidia, kuna zoezi lake la kumviringisha mgonjwa duara zima kitandani, robo kwa robo, na ni vizuri lifanywe na anayelijua.

Kuhusu vidonge. Sinarizini, betahistini na proklopirazini hazitoi chembe mferejini. Proklopirazini inasaidia kichefuchefu kwa siku chache, sawa. Lakini mzee anayemeza sinarizini miezi na miezi anaweza kuanza kutetemeka na kukakamaa kama mgonjwa wa Parkinson, na ubongo uliotulizwa hujifunza mizani polepole. Shangazi nimemwomba arudi kliniki na vidonge vyote mkononi, akaulizie pia ile dozi ya presha iliyopandishwa kwa ajili ya kizunguzungu. Asiiache mwenyewe. Presha iliyoshushwa kupita kiasi ina kisunzi chake, kile cha kusimama, na sitaki aanguke akidhani la zamani limerudi.

Maana tatizo linaweza kurudi. Kwa wagonjwa wengi, karibu nusu, hurudi ndani ya miaka mitano. Upungufu wa vitamini D huongeza uwezekano huo, na utafiti mkubwa wa Korea Kusini uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba walio na upungufu wakipewa vitamini D pamoja na kalsiamu, kizunguzungu hurudi mara chache zaidi. Mtu anayeshinda ndani ya fleti Nairobi, aliyejifunika mwili wote au anayeogopa kutoka, ana sababu ya kupimwa. Likirudi, ajue kwanza ni upande upi, kwa maana safari hii linaweza kuwa sikio la kushoto. Na ulegevu unaobaki wiki moja au mbili baada ya chembe kutoka unaisha kwa kutembea. Si kwa kulala. Dakika 20 asubuhi, nje, akigeuza kichwa kushoto na kulia akisoma mabango, na mtu pembeni mpaka miguu izoee.

Ameniambia kanisani kwao kuna wamama wengine wawili wanaolala wameketi. Anataka niende Jumamosi. Nitaenda, na nitabeba kipima presha. Mmoja wao nitamuuliza maswali kwanza, kwa sababu anameza dawa za TB sugu. Kama aliwahi kudungwa amikasini au kanamaisini, dawa hizo zinaweza kuua chembehai za mizani na za kusikia, masikio yote mawili. Huyo kumgeuza hakutamsaidia, anahitaji kupimwa usikivu na mazoezi ya muda mrefu.

Ila Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ya kuchukua fomu za Gredi ya 10 za kijana wetu. Shule aliyopangiwa ni ya bweni, mbali, na orodha ya vitu inataka godoro, sanduku na viatu jozi mbili kabla ya Jumatatu. Baba yake anasema tutapata. Sijui tutapata wapi, na kijana mwenyewe ameacha kula chakula cha jioni vizuri tangu aione orodha.