Chupa mbili za Shangazi

Shangazi alitua Dar kutoka Handeni na chupa mbili za dawa ya kuchemsha: moja mwarobaini, nyingine mshubiri uliochanganywa na mizizi ambayo hakutaka kuitaja. Ndiye yuleyule aliyepanda basi mwaka 2011 kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500, kwa hiyo sikushangaa.

Baba ana saratani ya koo. Yuko katikati ya mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki anatundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Mdomo umejaa vidonda. Hata uji wa ulezi uliopoa anaumeza huku amefumba macho.

"Mnamjaza makemikali tu kaka yangu," Shangazi akalalamika.

Wengi huwanywesha wagonjwa wao kimyakimya wakiogopa kufokewa na madaktari. Mimi nilizibeba chupa, na Shangazi mwenyewe, hadi kliniki. Hakuna aliyefoka. Daktari alizifungua, akanusa, akamwamkia Shangazi na kuuliza mgonjwa anywe kiasi gani. "Kikombe, kutwa mara tatu." Daktari akaeleza kwamba mshubiri unaharisha, na sisplatini inaelemea figo, inataka mwili uwe na maji ya kutosha. Vikikutana, figo ndizo zitakazoumia. Ile mizizi isiyo na jina ilimsumbua zaidi: vipimo vya damu vikija na majibu mabaya, atajuaje kilichosababisha?

Shangazi akabisha kwamba dawa ya mti haina madhara. Daktari akacheka kidogo. Paklitakseli, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani kama ya Baba, chimbuko lake ni gamba la mti, na bado wanaipima kwa miligramu.

Katika dawa za asili, daktari aliyoikubali ni asali. Hata miongozo ya kimataifa ya vidonda vya mdomo vya mionzi inaipendekeza kwa kuvikinga, na Baba hana kisukari. Anaizungusha mdomoni taratibu kabla ya kumeza, halafu baadaye anasukutua kwa maji ya chumvi, maana mionzi inakausha mate na meno yasiyo na mate huoza upesi. (Pilipili na ugoro vilishapigwa marufuku nyumbani, ugoro kwa vita kali.)

Kazi ya asali kaichukua Shangazi. Kaagiza ya nyuki wadogo kutoka kijijini, na Baba akikunja uso anaambiwa, "Meza, wewe!" Zile chupa mbili bado anazo. Daktari kamwambia dripu zikiisha arudi wazungumze, lakini aje na majina ya mizizi. Mpaka leo hajanitajia hata mmoja.