Siku Hizi Ametulia

Wanaotuuliza habari za mjomba wangu huanza kwa kutaka kujua kama bado anaongea peke yake, na wakiambiwa hapana, humshukuru Mungu na kusema kwamba basi siku hizi ametulia. Ni maneno ya heri, nami huyaitikia. Hata hivyo, kwa sisi tunaoishi naye, kipindi alichokuwa akijibizana na sauti alizozisikia yeye peke yake hakikuwa kigumu kama hiki kilichofuata, ambacho hakuna jirani anayekuja kutupa pole kwa kuwa hakuna la kuonekana.

Skizofrenia, ugonjwa wa akili alio nao mjomba, huongeza mambo na hupunguza mambo. Huongeza sauti zisizokuwepo na imani zisizo na msingi, kisha hupunguza hamu, maneno, uchangamfu wa uso na raha ya kukaa na wenzako. Dawa tulizo nazo husaidia zaidi katika yale yaliyoongezeka. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyeupa ugonjwa huu jina lake mwaka 1908, aliandika mwaka 1911 kwamba sauti na imani potofu ni nyongeza tu, na kwamba kujifungia katika ulimwengu wa ndani ni miongoni mwa dalili za msingi. Nyumbani kwetu mpangilio huo tunaupindua: sauti ndizo ugonjwa, na ukimya huitwa kununa, kiburi au uvivu.

Jioni moja nilimwuliza mjomba kama anataka chai ya rangi au ya maziwa. Hakujibu, wala uso wake haukubadilika. Nilikuwa nimeshainuka na kufika jikoni ndipo nikasikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ya rangi.” Tangu hapo nimemchunguza na kuona kwamba jibu karibu siku zote lipo, ila huchelewa, nasi wengine huwa tumeshauliza swali la pili na la tatu, au tumeshamjibia.

Si ukimya wote, lakini, unaotoka kwenye ugonjwa. Wakati fulani alizidi kuwa mzito, na siku ya kliniki muuguzi alimwomba ainuke, atembee hadi mlangoni na kurudi. Alikwenda kwa hatua fupi za kuburuta, mikono ikining’inia bila kupunga. Muuguzi akatueleza kwamba dalili hizo ni za haloperidoli, dawa ambayo huweza kuukakamaza mwili na uso hata mtu akaonekana hana hisia. Daktari akapunguza dozi, na baada ya muda uso ukafunguka kiasi. Kama tungeendelea kushangilia utulivu ule, tungekuwa tunashangilia madhara ya dawa. Mgonjwa mwingine hunyamaza kwa sababu sauti zimerudi na anazisikiliza, au zimemkataza kusema. Mwingine ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na ugonjwa wake. Na wapo wanaojitenga kwa aibu tu, jambo ambalo halihitaji daktari kulielewa: katika nchi ambayo mtu akikosea hesabu dukani huambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, aliyewahi kulazwa kweli atakaaje barazani na kucheka pamoja nao?

Swali linalotusumbua sana ni kama tumvute aje kwa watu au tumwache. Utafiti uliofanyika Uingereza unajibu kwa namna ambayo mwanzoni huonekana kujipinga. John Wing na George Brown, waliofuatilia wagonjwa katika hospitali tatu za akili na kuchapisha matokeo mwaka 1970, waliona kwamba pale wagonjwa walipokaa bila shughuli wala vitu vyao wenyewe, ububu na kujitenga vilikuwa vikubwa zaidi. Lakini mwaka 1972 Brown na wenzake walionyesha kwamba waliorudi kwenye familia zenye lawama nyingi, uhasama au kuwaingilia kupita kiasi, waliugua upya kwa asilimia 58 ndani ya miezi tisa, dhidi ya asilimia 16 kwenye familia tulivu. Na katika zile nyumba za lawama, waliokutana na jamaa zao kwa saa chache kwa wiki walinusurika zaidi. Kwa maoni yangu yote mawili ni kweli. Upweke mtupu humzamisha, na wakati huohuo chumba chake ni kinga anapochoshwa nasi.

Kwa hiyo tumeacha kumsukuma mbele ya wageni. Kwenye harusi ya binti wa shangazi alikaa nyuma ya nyumba na akina mama akichambua mchele, akala, akaondoka alipotaka, na nilimkemea aliyemwita aje kupiga picha. Jirani yetu mzee hucheza naye bao, mchezo ambao watu wawili hutazamana na kufikiri pamoja bila kulazimika kuzungumza, na mjomba humfunga mara nyingi.

Uko ukimya mmoja tu ambao hatuusubirishi. Akiacha kula na kunywa, akiganda katika mkao mmoja bila kuitikia, au mtu aliyekuwa akisema maneno mawili matatu akanyamaza ghafla kabisa, au akadokeza kwamba amechoka kuishi, tunampeleka hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni wiki ijayo na hata kama jirani amepita asubuhi akasema ametulia.