Jogoo wa Mnada na Kiti cha Mbele

Mwaka 2021 kanisa letu jipya lilikuwa na kuta, madirisha na deni. Paa halikuwepo. Tulikuwa tukiabudu katika jengo la zamani lililo kando yake, huku milimani Taita, ambako asubuhi za baridi ukungu huingia mlangoni pamoja na waumini. Fundi alikuwa ametupigia hesabu ya mbao, mabati na misumari, ikaja Sh640,000 na ushee. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na kitabu cha benki kilikuwa hakijafika laki moja.

Korona ilikuwa imetukausha. Serikali ilitaka makanisa yajaze theluthi moja tu ya nafasi zao, na theluthi moja ya watu huleta chini ya theluthi moja ya sadaka, kwa sababu wenye kazi za mjini walikuwa wamezoea kusikiliza ibada redioni. Benchi la watu sita liliketi wawili. Mahali pa kutoketi pamebandikwa tepu nyekundu yenye umbo la X. Waliochelewa walikaa nje, chini ya mparachichi, wakisikia mahubiri kwa spika iliyofungwa dirishani.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu na kijana wa mwanasiasa mmoja aliyekuwa akiutaka ubunge. Mheshimiwa, akaniambia, amesikia habari za paa letu na roho imemsukuma aje aabudu nasi. (Kwetu Kenya mtu huitwa mheshimiwa tangu siku anapochapisha bango lake la kwanza.) Hataki mambo makubwa, dakika mbili tu baada ya mahubiri, awasalimie watu.

Dakika mbili hizo kila Mkenya anazijua. Huanza kwa "Bwana asifiwe" mara tatu, hupitia kwa mpinzani aliyeiba pesa za barabara, na huishia kwa bahasha inayoinuliwa juu ili hata walio nje waione.

Simu hiyo ilikuja wakati mbaya, au mzuri, sijui. Tarehe 12 Septemba mwaka huo, kule Butere, Rose Okeno alitawazwa kuwa askofu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya, ambalo ndilo letu. Wakubwa wa siasa walikuwa wamejaa, Raila Odinga na Musalia Mudavadi wakiwamo. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akatangaza palepale kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari. Waje, waketi, waombe kama watu wengine. Kampeni ziende nje. Sisi huku milimani tulilisikia jambo hilo kwenye taarifa ya habari ya jioni, na mwenyekiti wetu wa ujenzi akaniambia bila kucheka: "Askofu Mkuu ana paa."

Baraza la parokia likaketi Alhamisi. Mwenyekiti wa ujenzi alianza kwa kusema pesa haina dhehebu. Mama wa Umoja wa Akina Mama akauliza kama kuna mtu ana hakika pesa hiyo haijatoka kwenye dawa za zahanati yetu. Kelele zikazidi. Kisha mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu akakumbusha kwamba mwaka 1989 majambazi walivamia nyumba ya Askofu David Gitari kule Kirinyaga usiku, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga mayowe hadi majirani wakatoka. "Gitari alikuwa na bati la kupandia," akasema. "Sisi wakituvamia tutapanda wapi?" Tukacheka wote, hata kasisi.

Lakini mzee huyo alikuwa ameleta hoja nzito kuliko mzaha wake. Kijana wetu mmoja aliidaka. Akasema: maaskofu wa zamani ndio walioingiza siasa mimbarini. Mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, na wenye mistari mifupi wakatangazwa washindi, waliopaza sauti ni akina Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge. Muge alionywa na waziri asikanyage Busia. Alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi Eldoret. Wao walisema siasa hadi kufa, sasa sisi tunaambiwa siasa isiingie kanisani. Kwani kanisa limebadilika au limeogopa?

Kasisi wetu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, watoto watatu, na nyumba ya parokia iliyovuja zaidi ya kanisa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akajibu hivi, nami naliandika karibu neno kwa neno kwa sababu nilikuwa nimeshika kalamu ya kumbukumbu za mkutano: "Nabii Nathani alimwendea Mfalme Daudi nyumbani kwake kumkemea dhambi yake, akamwambia, Wewe ndiwe mtu huyo. Angalikuwa amejengewa nyumba na Daudi, mngeona kama maneno hayo yangemtoka. Gitari na Muge walizungumza siasa wakiwa hawadaiwi na mtu. Mimi sikatai siasa. Nakataa kudaiwa."

Kijana akanyamaza, ingawa sidhani alikuwa ameridhika. Tukaamua: aje, akae atakapopata nafasi, sadaka yake aitie kikapuni. Maikrofoni hapewi. Nikamtumia kijana wa mheshimiwa ujumbe kwamba anakaribishwa sana, ibada ni saa tatu, na hakutakuwa na salamu za wageni. Akajibu "sawa", nami nikajua hakusoma mwisho wa ujumbe.

Walikuja Jumapili moja ya Oktoba, magari matatu, watu kama kumi na watano, saa tatu na robo. Ndani palikuwa pameshajaa theluthi yetu. Wale vijana wa mheshimiwa waliingia wakipima mabenchi ya mbele kwa macho, na mmoja akamwinamia bibi aliyekuwa benchi la pili. Bibi huyo ana mgongo uliopinda, hutembea kwa mkongojo saa nzima kuja kanisani, na alikuwa amefika tangu saa mbili kasorobo. Kijana alimwomba kwa adabu sana, lazima niseme, ahamie nje kwenye hewa safi.

Bibi alimtazama kama vile hakusikia Kiswahili. Mhudumu wetu wa mlangoni, mtu mpole, tayari alikuwa amemshika bibi mkono amwinue. Hapo kasisi akatoka vestri, chumba chake cha kuvalia, stola ya shingoni imekaa upande mmoja, akatembea mpaka pale na kusema kwa sauti ya kawaida: "Waliotangulia wametangulia. Nje kuna viti, mheshimiwa. Hata mzee wa kanisa leo yuko nje."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikaona uso wa yule mwanasiasa. Nilitarajia hasira. Nilichoona ni mtu anayepiga hesabu upesi. Kisha akasema, "Haina shida, mchungaji," akatoka, akaketi kwenye kiti cha plastiki cha buluu chini ya mparachichi, kati ya mwendesha bodaboda na mama aliyekuwa akinyonyesha. Walinzi wake ndio waliokasirika. Yeye alikunja nne, akavaa barakoa sawasawa, akafungua kitabu cha nyimbo alichopewa na mama yule.

Injili ya siku hiyo ilikuwa Marko 10, wana wa Zebedayo. Wapo waliosema baadaye kwamba kasisi aliichagua kwa makusudi. Nilimwuliza, akanionyesha ratiba ya masomo iliyobandikwa vestri tangu Julai. Yakobo na Yohana wanamwendea Yesu wakitaka kuketi mmoja kuume na mmoja kushoto katika utukufu wake, na Yesu anawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe atakachokinywea yeye. Halafu anawaambia wote kumi na wawili jinsi wakuu wa Mataifa wanavyowatawala watu kwa nguvu, na anaongeza: "Lakini haitakuwa hivyo kwenu."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia mheshimiwa akisemwa. Hakusemwa hata kidogo. Kasisi alisema watu humcheka Yakobo na Yohana bure, kwa sababu hawakuomba pesa wala shamba, waliomba viti, na ombi la viti analijua kila mtu aliyewahi kugombea uenyekiti wa kikundi cha mbuzi. Kisha akajigeukia mwenyewe na wenzake. "Sisi makasisi," akasema, "kwenye mazishi ya mtu mkubwa tunagombania hema la wageni mashuhuri, tukae karibu na mheshimiwa, tuonekane kwenye picha. Wana wa Zebedayo wametushinda. Wao walau waliomba kukaa karibu na Yesu."

Nje, chini ya mparachichi, watu waliangua kicheko, na nilisikia sauti nzito ya mwanamume mmoja ikicheka kuliko zote. Mwendesha bodaboda aliniambia baadaye ilikuwa ya mheshimiwa.

Ibada ikaisha, tukaenda kwenye mnada. Kwetu asiye na pesa huleta sadaka ya alichonacho: mayai, miwa, mkungu wa ndizi, parachichi ukiwa msimu. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani, na pesa huingia ujenzi. Siku hiyo kulikuwa na jogoo mwekundu, mrefu wa shingo, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Mnadi wetu alimwinua juu, akaanza kwa mia tano. Mia sita. Mia nane. Kisha ikasikika: "Elfu thelathini."

Uwanja ukatulia, halafu ukalipuka kwa vigelegele. Sote tulijua kinachofuata. Mkubwa hununua, halafu humrudisha jogoo auzwe tena, na anaporudisha hupewa nafasi ya kusema maneno mawili. Mimbari tulikuwa tumeifunga, naye amepata mlango wa kuku. Mheshimiwa akasogea, mikono kifuani kwa unyenyekevu, akaanza: "Mimi huyu jogoo namrudishia kanisa..."

"Hapana, mheshimiwa," kasisi akamkatiza, akicheka. "Umemnunua, ni wako. Watoto wakale nyama." Akamtwaa jogoo kwa mnadi na kumweka mikononi mwake. Nawaambia, ni vigumu sana kuhutubia watu ukiwa umekumbatia jogoo. Alijaribu sentensi moja, jogoo akapiga mabawa kwenye suti, akamkabidhi dereva, dereva akamtia nyuma ya Prado.

Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha risiti. Kasisi akanijia akaniuliza jogoo kama yule ni bei gani sokoni Wundanyi. Nikamwambia elfu moja na mia mbili. "Basi andika risiti ya elfu moja na mia mbili za jogoo. Zilizobaki ni sadaka. Sadaka hazisomwi majina." Ndivyo nilivyofanya. Jumapili iliyofuata nilisoma jumla ya makusanyo kama kawaida, bila kumtaja yeyote, na wiki hiyo kasisi alipigiwa simu na watu wawili waliotaka kujua kwa nini mfadhili hakushukuriwa.

Yule kijana wa baraza alisema kasisi amezipokea kwa mkono wa kushoto. Tumebishana juu ya hilo hadi leo. Mimi husema aliyetoa hakupata alichokuja kununua, kwa hiyo haikuwa biashara. Yeye husema pesa ni ileile. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alipotangaza kurudisha fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa katika parokia ya Soweto, kijana alinitumia habari hiyo usiku, na chini yake ameandika: "Zote." Nilimjibu kwamba Jimbo Kuu lina parokia nyingi za kusaidiana. Jibu langu lilikuwa la mweka hazina, nalijua, lakini ndilo nililonalo.

Paa tuliliezeka kwa mafungu, mabati kumi, mabati sita, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Yule mheshimiwa alishindwa vibaya Agosti 2022. Ile wiki ya matokeo, simu zake zilikoma kulia, na magari mawili kati ya yale matatu, kumbe yalikuwa ya kukodi. Kasisi alikwenda kumwona. Aliniomba nimsindikize kwa sababu pikipiki ilikuwa yangu. Tulimkuta sebuleni amevaa kaptura, mabango yake yamerundikwa nyuma ya mlango, mkewe akatuletea chai. Kasisi alikaa naye saa mbili hivi. Hawakuzungumza kura. Walizungumza presha ya mama yake na karo ya mtoto, kisha wakaomba.

Tulipokuwa tukitoka, alitusindikiza hadi kwenye pikipiki. Akasema katika kampeni nzima alitembelea makanisa zaidi ya arobaini, akanena katika yote isipokuwa letu, na aliyekuja kumwona ni kasisi wetu peke yake.

"Na yule jogoo?" nikamwuliza, maana sikujua niseme nini.

"Mgumu," akasema. "Tulimchemsha tangu asubuhi."