Jinsi nilivyounganisha mzunguko wa Verdon kwa baiskeli ya barabarani
Nilipanga kuanzia Moustiers-Sainte-Marie, Ufaransa, na kulizunguka korongo la Verdon lote, pamoja na barabara ya vilele, D23, inayopanda juu ya kijiji cha La Palud-sur-Verdon. Kila nilipochora njia hiyo, programu ya ramani iliikwepa D23 au ilinirudisha kijijini nipite kipande kilekile cha barabara ya D952 mara mbili. Kuongeza vituo vya kati hakukusaidia, wala kuuvuta mstari kwa mkono.

Ufumbuzi ulipatikana nilipoikuza ramani na kuona mshale mdogo: sehemu ya D23 ni ya uelekeo mmoja, nayo hupitwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kuanzia makutano yaliyo mashariki ya kijiji. Hivyo niligeuza mzunguko mzima. Kutoka Moustiers ninashuka kuelekea Ziwa Sainte-Croix, ninapanda hadi Aiguines, ninafuata D71 ya ukingo wa kusini hadi Comps-sur-Artuby, kisha D955 na D952 hunifikisha kwenye makutano hayo kabla ya kijiji, na D23 inanitoa La Palud kwenyewe.

Faida nyingine, ambayo naithamini sana, ni kwamba kwa uelekeo huu korongo hubaki upande wa kushoto, nami, kwa kuwa Ufaransa huendesha kulia, niko upande ulio mbali na ukingo. Gharama yake ni kwamba mpando wa D23 huja miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Jazeni maji Comps. Hakikisheni pia kwamba D23 iko wazi, kwani hufungwa majira ya baridi.