Tsearch2 ilivyotugomea Chumbageni

Mwaka 2018, PostgreSQL 9.3 (programu ya kuendesha hifadhidata) ikiwa ukingoni mwa muda wake wa matunzo, ofisi moja ya mizigo hapa Tanga iliamua kuhamia toleo la 10. Seva ilikuwa Chumbageni, inaendesha Ubuntu 14.04, na hifadhidata yenyewe ilizaliwa enzi za 8.2. Tukaweka matoleo yote mawili kwenye mashine ileile, kisha tukaanza na `pg_upgrade --check`, ukaguzi wa zana ya kuhamisha data kwenda toleo jipya, ambao haukulazimishi kuzima seva ya zamani. Kwenye Ubuntu faili la mipangilio, `postgresql.conf`, halikai pamoja na data, kwa hiyo sisi tulilielekeza kwa `-o` (seva ya zamani) na `-O` (seva mpya).

Ukaguzi ukakwama kwenye laibrari. Faili la `loadable_libraries.txt` lilitaja kitu kimoja tu: `$libdir/tsearch2`, nyongeza ya zamani ya kutafuta maneno ndani ya maandishi.

“Kaka, si tukopi tu ile tsearch2.so ya zamani?” akauliza kijana tuliyekuwa naye.

“Itakataliwa, mdogo wangu.”

Kila laibrari ya PostgreSQL hubeba alama ya toleo kuu iliyotengenezewa. Ya 9.3 ukiipachika kwenye 10, seva inasoma alama na kujibu “version mismatch”. Na tsearch2 iliondolewa kabisa kuanzia toleo la 10, maana utafutaji wa maandishi uko ndani ya PostgreSQL yenyewe tangu 8.3. Kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Dawa ni kuing'oa kwenye hifadhidata ya zamani.

Tuliisaka hivi, ndani ya kila hifadhidata:

`SELECT proname, probin FROM pg_proc WHERE probin LIKE '%tsearch2%';`

Ilikuwamo hata kwenye `template1`, hifadhidata ya kiolezo ambayo hifadhidata mpya hunakiliwa kutoka kwake, mahali ambapo wengi hawachunguzi. Fanksheni zilikuwa zimetapakaa bila kuwa chini ya ekstensheni (kifurushi rasmi cha nyongeza) yoyote, masalia ya enzi za 8.2. Ukiwa na contrib ya 9.3, yaani kifurushi cha nyongeza zinazotolewa pamoja na PostgreSQL, `CREATE EXTENSION tsearch2 FROM unpackaged` inazikusanya, halafu unazifuta kwa mkupuo.

Hapo ndipo pa kuwa makini. `DROP EXTENSION` ikilalamika, usikimbilie `CASCADE`, inayofuta na kila kinachoitegemea. Tsearch2 huweka aina yake ya data, `public.tsvector`, na safu ya jedwali inayoitumia itaondoka nayo, pamoja na triga (amri inayojiendesha data ikibadilika). Tulibadilisha safu kwanza kuwa `pg_catalog.tsvector`, aina ya PostgreSQL yenyewe, triga tukaiandika upya kwa `tsvector_update_trigger` na `pg_catalog.simple` (majina ya wateja hayahitaji sarufi ya Kiingereza), ndipo `DROP` ikapita kimya.

`--link`, inayounganisha faili zilezile badala ya kuzinakili, tuliiacha. Ni ya haraka, ila seva mpya ikishawaka, ya zamani huiwashi tena kwa usalama, na diski ilikuwa na nafasi. Mwishoni tukaendesha `vacuumdb --all --analyze-in-stages`, maana wakati huo takwimu za kupanga maswali hazikuhamishwa, na bila hizo karani angeona seva mpya ni nzito kuliko ya zamani. Ubuntu haikuguswa. Tungekuwa tunavuka glibc 2.28 (laibrari ya mfumo, iliyobadilisha mpangilio wa herufi), faharasa za maandishi zinazotegemea mpangilio huo ingebidi kuzijenga upya kwa `REINDEX`.