Askari Amekusimamisha Marekani: Mnaongea tu, au Umeshazuiliwa?

Askari akisema "nina swali dogo tu", wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki mkono unakuwa tayari uko kwenye zipu ya begi. Kwa sheria ya huku, begi hilo limefunguliwa kwa hiari, na wakili atahangaika sana kulipinga lile lililopatikana ndani.

Kukutana na polisi Marekani kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni mazungumzo: askari anakusogelea barabarani au kituo cha basi na kukuuliza unatoka wapi. Kwa hilo hahitaji sababu, nawe hulazimiki kujibu wala kubaki. Ya pili ni kuzuiliwa kwa muda, na hapo lazima awe na shaka yenye msingi, yaani mambo anayoweza kuyataja mbele ya jaji, si machale tu. Ya tatu ni kukamatwa, ambako kunadai sababu ya kutosha kuamini kwamba umetenda kosa. Ulinzi wa Marekebisho ya Nne ya Katiba dhidi ya kushikiliwa ovyo unaanzia ngazi ya pili. Ndiyo maana kesi nyingi zinagombaniwa kwenye jambo moja: ni saa ngapi hasa mazungumzo yaligeuka kuwa kuzuiliwa?

Kipimo kilitoka kwenye kesi ya Mendenhall ya mwaka 1980: je, mtu wa kawaida, kwa hali ile, angejiona yuko huru kuondoka? Majaji huangalia askari walikuwa wangapi, kama silaha ilionyeshwa, kama uliguswa, na kama sauti ilikuwa ya ombi au ya amri. Kitambulisho chako kubaki mikononi mwao nako kuna uzito. Katika kesi ya Royer ya 1983, askari wa uwanja wa ndege wa Miami walibaki na tiketi na leseni ya msafiri, wakampeleka kwenye chumba kidogo. Ikaamuliwa kwamba alikuwa ameshazuiliwa. Lakini katika kesi ya Drayton ya 2002, askari watatu walipanda basi la Greyhound kule Tallahassee, mmoja akapiga magoti kwenye kiti cha dereva akiwatazama abiria, mwingine akasimama nyuma, wa tatu akapita akiomba kupekua. Mahakama ya Juu ikasema abiria hawakuzuiliwa. Huyo "mtu wa kawaida" wa majaji ni jasiri kuliko wengi wetu. Hakulelewa kumwitikia afande kwa "ndiyo mkuu".

Kwa hiyo usikisie, uliza. Sema kwa sauti ya kawaida: "Am I free to go?" Akijibu ndiyo, ondoka kwa mwendo wa kutembea. Akijibu hapana, umezuiliwa, na kuanzia hapo ni juu yake kutoa sababu mahakamani. Usikimbie. Kwenye kesi ya Wardlow, Chicago, mwaka 2000, kutimua mbio ghafla baada ya kuona polisi, katika mtaa wenye uhalifu mwingi, kulihesabiwa kuwa msingi wa shaka.

Ukizuiliwa, kesi ya Terry ya 1968 inamruhusu askari kukupapasa juu ya nguo kutafuta silaha, ikiwa ana sababu ya kuamini unayo. Hiyo si ruhusa ya kupekua pochi wala simu. Simu inahitaji hati ya jaji hata ukiwa umekamatwa. Hilo liliamuliwa mwaka 2014. Akiomba kupekua, jibu ni "I do not consent to a search." Akipekua hata hivyo, usimzuie kwa mikono, maneno yako yatamsaidia wakili, mikono yako itakuletea shtaka jipya.

Barabarani hakuna mjadala: gari likisimamishwa, dereva na abiria wote wamezuiliwa tangu mwanzo. Dereva lazima atoe leseni. Na hapa kuna mazoea ya nyumbani ya kuyaacha kabisa: usishuke kwenda kuongea na askari nyuma ya gari. Kaa, mikono juu ya usukani, na useme kabla hujaingiza mkono kwenye droo ya gari. Akikuamuru ushuke, shuka. Ana mamlaka hayo. Na "chai" ni kesi ya rushwa.

Mtego uko mwishoni. Katika kesi ya Robinette, iliyoanzia barabara kuu ya I-70 kule Ohio, dereva alisimamishwa kwa mwendo wa maili 69 penye kikomo cha 45. Akapewa onyo, akarudishiwa leseni, kisha akaulizwa kama ana kitu haramu na kama gari linaweza kupekuliwa. Akakubali. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba katiba haimlazimishi askari kukuambia kwanza kuwa uko huru kwenda. Leseni ikirudi mkononi, hiyo ndiyo dakika ya kuuliza kama unaweza kuondoka. Kukuweka zaidi ili mbwa aje kunusa, bila shaka mpya, hakuruhusiwi tangu kesi ya Rodriguez ya 2015. Dakika saba au nane zilitosha kuleta mgogoro.

Jina ni suala jingine. Katika baadhi ya majimbo, ukizuiliwa kihalali lazima ulitaje, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako. Kunyamaza na kudanganya si kitu kimoja: jina la uongo ni kosa, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia njia ya uhamiaji maisha. Mwenye kadi ya ukaazi aliyefikisha miaka 18 anatakiwa kutembea nayo. Mpakani na kwenye forodha ya uwanja wa ndege, maafisa wana mamlaka mapana zaidi ya kupekua, hivyo usitegemee haya yote pale.

Mkiachana, andika papo hapo: saa, mahali, namba ya beji, namba ya gari la polisi, na maneno aliyoyatumia, kwa mpangilio wake. "Naomba kuona" na "nionyeshe" hazina uzito sawa mbele ya jaji.